Diski Ileile, Jina Jingine: Kutoka hda hadi sda na Yanayoendelea Mpaka Leo

Kerneli ya Linux (kiini cha mfumo endeshi huo) toleo la 2.6.19, iliyotolewa mwezi Novemba 2006, ilikuja na kundi jipya la draiva, yaani programu za kuongea na vifaa, za diski za ATA (ziitwazo pia IDE) za kebo bapa, zilizojengwa juu ya maktaba ya ndani ya kerneli iitwayo libata. Mtumiaji wa kawaida hakuwa na sababu ya kuisoma habari hiyo. Kwa wanaotunza seva na kompyuta za ofisi, hata hivyo, draiva hizo zilileta badiliko ambalo athari yake ilionekana kwa miaka kadhaa: diski iliyokuwa ikiitwa /dev/hda tangu siku za mwanzo za Linux ilianza kuitwa /dev/sda. Diski haikuwa imeguswa, kebo haikuwa imehamishwa, na data iliyomo ilikuwa salama kabisa, lakini kila faili la usanidi lililokuwa na jina la zamani lilikuwa sasa linaelekeza mahali pasipokuwapo, au, jambo ambalo nitaeleza kuwa ni baya zaidi, mahali pengine.

Ili kuelewa kwa nini jambo hili lilisumbua kiasi hicho, ni lazima kwanza tuone jina la zamani lilikuwa na maana gani. Katika draiva ya zamani ya IDE, herufi ya mwisho ya jina ilitokana na nafasi ya diski kwenye ubao mama. hda ilikuwa diski ya kwanza kwenye kebo ya kwanza, hdb ya pili kwenye kebo hiyohiyo, hdc ya kwanza kwenye kebo ya pili, na hdd ya pili yake. Ukiichomoa hdb na kuwasha mashine, hdc ilibaki kuwa hdc, kwa sababu nafasi yake haikubadilika. Kwa hiyo watu walijenga mazoea ya kuamini kwamba jina la diski ni kitu cha kudumu, na imani hiyo ilikuwa na msingi, kwa sababu kwenye mashine yenye kidhibiti kimoja na kebo mbili jina halikubadilika mpaka mtu afungue kasha na kuhamisha waya.

Majina ya sd hayakuwa na ahadi hiyo hata mara moja. Yalitoka katika tabaka la SCSI la kerneli, lililoandikwa kwa ajili ya aina nyingine ya diski, ambamo diski inayoonekana kwanza huitwa sda, inayofuata sdb, na kuendelea. Herufi hapa haisemi diski iko wapi, bali ilionekana ya ngapi. Msanidi wa kerneli Jeff Garzik alipoanza kuandika libata mwaka 2003 kwa ajili ya diski za SATA (kizazi kipya cha ATA), aliiweka chini ya tabaka hilo la SCSI, na uamuzi huo ulikuwa na sababu nzuri: tabaka hilo tayari lilikuwa na namna ya kupanga foleni za maombi, ya kushughulikia hitilafu, na ya kukubali diski kuchomekwa na kuchomolewa mashine ikiwa inafanya kazi. Baadaye msanidi mwingine, Alan Cox, aliandika draiva nyingi za ATA za zamani juu ya libata hiyohiyo, na hapo diski za kebo bapa, ambazo hazikuwa SCSI kwa namna yoyote, zikarithi majina ya SCSI pamoja na udhaifu wake.

Sisemi kwamba badiliko hilo lilikuwa kosa. Draiva za zamani zilikuwa zimechoka, na kuwa na mifumo miwili inayoshughulikia vifaa vya ukoo mmoja kulimaanisha kurekebisha kila hitilafu mara mbili. Msimbo wa IDE wa zamani uliendelea kubaki ndani ya kerneli kwa muda mrefu, mpaka ulipoondolewa kabisa katika toleo la 5.14 la mwezi Agosti 2021. Ninachosema ni kwamba badiliko la draiva lilifichua jambo ambalo lilikuwa na kasoro tangu mwanzo, yaani tabia ya kuandika katika mafaili ya kudumu jina ambalo kerneli hulitunga upya kila inapowashwa.

Jina kama /dev/sda1, yaani patisheni (kipande) ya kwanza ya diski ya sda, ni kama kumwelekeza mgeni nyumbani kwako kwa kumwambia ahesabu mlango wa tatu kutoka sokoni. Maelekezo hayo ni sahihi mpaka siku mtu atakapojenga kibanda cha pili njiani, au mpaka mgeni aje kwa barabara nyingine, na siku hiyo mgeni hatapotea tu, bali atabisha hodi kwa jirani.

Hilo la kubisha hodi kwa jirani ndilo ninalotaka kulikazia, kwa sababu maelezo mengi ya suala hili huishia kwenye mashine inayokataa kuwaka. Mashine inayokataa kuwaka inaudhi, lakini inasema ukweli: inatafuta /dev/hda1, haioni, inasimama na kukuonyesha ujumbe. Data haijaguswa. Utapoteza saa moja au asubuhi nzima, utasahihisha mstari mmoja katika GRUB (programu ya kuwashia mfumo) na mistari michache katika /etc/fstab (orodha ya patisheni na saraka zinakopachikwa, yaani kuunganishwa), kisha kazi itaendelea. Hatari kubwa iko kwenye mashine inayowaka vizuri huku jina moja likiwa limehamia diski nyingine.

Chukua mfano wa kompyuta za wakati ule zilizokuwa na diski moja ya kebo bapa yenye mfumo endeshi na diski moja ya SATA iliyoongezwa baadaye kwa ajili ya nakala za akiba. Chini ya draiva za zamani, ya kwanza iliitwa hda na ya pili sda, na hapakuwa na mgongano kwa sababu herufi za mwanzo zilitofautiana. Baada ya kuhamia libata, zote mbili zilikuwa sd, na ipi ingekuwa sda ilitegemea kidhibiti kipi kilichunguzwa kwanza. Kama diski ya mfumo ilitangulia, basi ilichukua jina la sda, ambalo hadi jana yake lilikuwa jina la diski ya akiba. Sasa tuseme msimamizi amesahihisha mstari wa mzizi (mfumo mkuu wa faili) ili mashine iwake, lakini akausahau mstari wa chini katika fstab unaosema kwamba /dev/sda1 ipachikwe kwenye saraka ya /akiba. Linux inaruhusu mfumo mmoja wa faili kupachikwa mahali pawili kwa wakati mmoja, kwa hiyo hakuna ujumbe wowote wa onyo utakaotokea. Usiku, kazi ya cron (kipanga ratiba) inaendesha rsync (programu ya kunakili) yenye chaguo la --delete kutoka /home kwenda /akiba. Chaguo hilo huamuru kwamba chochote kilichopo upande wa pili ambacho hakipo upande wa kwanza kifutwe. Upande wa pili sasa ni mzizi wa mfumo wenyewe. Kitakachofutwa ni /etc, /bin, /var, na hata hizo /home zenyewe zilizokuwa zikinakiliwa, na diski halisi ya akiba itakuwa imekaa pembeni ikiitwa sdb bila mtu kuigusa.

Mfano wa pili unaonitia wasiwasi zaidi ni ule wa swapu (eneo la diski linaloisaidia kumbukumbu ya mashine) iliyosimbwa. Watu wengi huandika katika /etc/crypttab kwamba patisheni fulani isimbwe kwa ufunguo wa nasibu kila mashine inapowaka, kisha iumbizwe upya kama swapu. Huo ni mpangilio mzuri wa usalama, lakini maana yake ni kwamba kila inapowaka, bila kuuliza, mashine inaandika upya patisheni yenye jina lililotajwa. Swapu ya kawaida ina kinga yake, kwa sababu swapon hutazama sahihi ya swapu mwanzoni mwa patisheni na hukataa isipoiona. Mpangilio wa ufunguo wa nasibu hauwezi kutegemea sahihi hiyo, kwani sahihi yenyewe husimbwa pamoja na vingine na kupotea ufunguo unapotupwa. Kama jina /dev/sda2 limehamia diski nyingine, na hakuna ukaguzi mwingine uliowekwa, kinachoandikwa upya ni chochote kilichokuwa huko. Kwa sababu hiyohiyo, UUID ya kawaida ya mfumo wa faili, yaani nambari ya utambulisho iliyoandikwa ndani yake, haifai hapa, maana hufutika kila mara. Inabidi kutumia kitambulisho cha patisheni au jina linalotokana na nambari ya diski.

Majina ya diski yalikuwa yamejificha mahali pengi kuliko watu walivyodhani, na hilo lilifanya uhamisho uwe mgumu. fstab kila mtu aliikumbuka. Mstari wa root= katika GRUB ulikumbukwa na wengi, kwa kuwa bila huo mashine haikuwaka. Lakini kulikuwa pia na faili la device.map la GRUB ya zamani, lililolinganisha hesabu ya diski ya GRUB na jina la Linux. Kulikuwa na LILO, programu nyingine ya kuwashia, ambayo katika usanidi wake ilitaja diski ya kuandikia sekta ya kuwashia. Kulikuwa na usanidi wa initramfs (mfumo mdogo wa muda unaopakiwa kabla ya mzizi kupatikana) uliotaja patisheni ambamo hali ya mashine iliyolala ilihifadhiwa. Kulikuwa na hdparm.conf, ambayo si jina lake tu lililopitwa na wakati bali hata baadhi ya amri zake, kwa kuwa libata haikumruhusu mtumiaji kuwasha na kuzima DMA (uhamishaji wa data usiopitia kichakataji) kwa njia iliyozoeleka. Kulikuwa na smartd.conf iliyoorodhesha diski za kukaguliwa afya, ambayo ikikosewa ina maana kwamba diski inaweza kuzeeka na kufa bila mtu kupata onyo. Na kulikuwa na skripti ndogondogo ambazo mtu aliyekwisha kuhama kazi aliziandika miaka mingi iliyopita na kuziacha ndani ya /usr/local/bin. Hata kisoma CD, kilichokuwa hdc kwenye mashine nyingi, kiligeuka kuwa sr0.

Palikuwa na tatizo jingine ambalo lilisahaulika haraka lakini liliwabana waliokuwa na diski zilizogawanywa sana. Katika draiva ya IDE kila diski ilitengewa nambari 64 za ndani, kwa hiyo patisheni 63 ziliwezekana. Katika tabaka la SCSI kila diski ilitengewa nambari 16 tu, yaani patisheni 15. Mtu aliyekuwa na patisheni kumi na sita au zaidi kwenye diski moja alikuta kwamba, baada ya kubadilisha kerneli, zile za mwisho hazikuonekana kabisa. Kizuizi hicho kiliondolewa katika kerneli 2.6.28 ya Desemba 2008, pale ilipoongezwa namna ya kutoa nambari za ziada.

Wasambazaji wa Linux walilikabili jambo hili kwa namna tofauti, na nadhani inafaa kuwapima kwa haki. Ubuntu ilianza kuandika UUID katika fstab kwenye toleo lake la 6.10 la Oktoba 2006, kabla hali haijawa mbaya, na kwa hiyo watumiaji wake wengi hawakuhisi chochote. Fedora 7, iliyotoka tarehe 31 Mei 2007, iliwahamisha watu wote kwenye majina ya sd, na kuwataka wenye mashine za zamani wazipe patisheni zao lebo kabla ya kupandisha toleo. Debian ilisubiri mpaka toleo la 6.0 la Februari 2011, na kwa maoni yangu ndiyo iliyolifanya jambo hili kwa uangalifu mkubwa kuliko wote. Kifurushi chake cha linux-base kilipitia mafaili ya usanidi, kikaonyesha ni wapi majina ya zamani yametumika, na kikapendekeza kuyabadilisha kuwa UUID kabla mashine haijawashwa upya.

Ubora wa njia hiyo hauko katika urahisi wake tu. Msimamizi anayepandisha toleo la kerneli anapaswa kuwa na njia ya kurudi nyuma kama kerneli mpya itagoma. Kama angebadilisha hda kuwa sda kwa mkono katika fstab, kerneli ya zamani isingewaka tena, kwa sababu yenyewe bado ingeita diski hiyo hda. Kwa maneno mengine, angekuwa amejifungia mlango wa kurudi katika siku ile ambayo angeuhitaji zaidi. UUID ilifanya kazi kwa kerneli zote mbili, maana haikuwa jina lililotungwa na kerneli yoyote kati ya hizo.

Tatizo halikuwa la Linux peke yake. FreeBSD 9.0, iliyotolewa Januari 2012, ilizihamisha diski za ATA kutoka draiva ya zamani kwenda kwenye mfumo wa CAM, tabaka lake la SCSI, na diski zikabadilika kutoka ad kuwa ada. Huko hesabu pia ilibadilika: watu wengi walikuwa na ad4 na ad6, kwa kuwa draiva ya zamani ilihesabu kwa nafasi ya kidhibiti, na ghafla wakawa na ada0 na ada1. Wasanidi wa FreeBSD waliweka viungo vya jina la zamani kuelekea jipya ili fstab za zamani ziendelee kufanya kazi, jambo ambalo liliwaokoa wengi. Hali kama hiyo imejirudia kwenye FreeBSD 14.0 ya Novemba 2023, ambapo diski za NVMe (aina ya kisasa isiyotumia ATA) zilihama kutoka jina la nvd kwenda nda, na safari hii pia viungo vya jina la zamani vikawekwa. OpenBSD ilichagua njia nyingine ambayo naipenda kwa unyofu wake: tangu toleo la 4.8 la Novemba 2010, kila lebo ya diski inabeba kitambulisho cha baiti nane, na fstab inaweza kutaja kitambulisho hicho kikifuatiwa na herufi ya patisheni, kwa hiyo diski ikihama kutoka wd kwenda sd kwa sababu ya kubadili kidhibiti kuwa AHCI (namna ya kisasa ya kuendesha SATA), mfumo haujali.

Msingi wa suluhisho zote hizi ni mmoja, nao ni kwamba utambulisho wa diski usomwe kutoka kwenye diski yenyewe. Mfumo wa faili wa ext huanza kueleza habari zake baiti 1024 tangu mwanzo wa patisheni, na miongoni mwa habari hizo kuna nambari ya biti 128 iliyotungwa kwa nasibu wakati wa kuumbiza. XFS na Btrfs, mifumo mingine ya faili, zina nambari ya namna hiyo. LVM, inayounganisha diski kuwa kundi moja, huandika nambari yake kwenye kila diski inayojiunga na kundi, RAID ya programu ya Linux (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja) huandika yake, na mfumo wa faili wa ZFS huzikusanya diski zake kwa nambari zilizomo ndani yake bila kutegemea zinaitwaje siku hiyo. Wenye LVM na RAID walioacha zana zao zitafute diski zenyewe walivuka mwaka 2007 bila taabu. Walioumia ni wale waliokuwa wameandika vichujio vya majina katika lvm.conf au orodha ya diski katika mdadm.conf.

Hapa pana sehemu ambayo maelezo mengi huipita haraka, ilhali inahitaji kusimama. Udev, inayotengeneza viungo ndani ya /dev/disk, hutoa namna kadhaa za majina, na watu huziona zote kuwa za kudumu kwa kiwango kimoja. Sivyo. Saraka ya by-uuid na ile ya by-label husoma yaliyoandikwa ndani ya mfumo wa faili, kwa hiyo hazijali draiva. Saraka ya by-path hueleza njia ya kupitia kwenye ubao mama, na ndani ya njia hiyo mna jina la aina ya draiva: patisheni iliyokuwa na neno ide katika jina lake la by-path ilikuja kuwa na neno scsi baada ya libata, na katika udev za baadaye ikawa na neno ata. Hata by-id, inayotokana na modeli na nambari ya diski, ina kiambishi cha mwanzo kinachotegemea tabaka lililoitambua, na diski moja ya SATA imewahi kuonekana kwa jina linaloanza na ata- na pia kwa jina linaloanza na scsi-SATA_, hadi hilo la pili lilipoacha kutengenezwa. Kwa hiyo mtu aliyehama kutoka hda kwenda by-path akidhani amejikinga dhidi ya mabadiliko ya draiva, alikuwa amejikinga dhidi ya kitu kingine kabisa.

Lebo nazo zina hatari yake. Kwa miaka mingi visakinishi vya Red Hat viliipa patisheni ya mzizi lebo iliyo mkwaju mtupu, na fstab ikasema LABEL=/. Mtu alipochukua diski ya mashine moja iliyokufa na kuichomeka kwenye nyingine ili aokoe data, palikuwa na lebo mbili zinazofanana, na mashine haikuwa na njia ya kujua mzizi wake ni upi. UUID hazigongani kwa bahati mbaya, lakini hugongana kwa makusudi yasiyofikiriwa: ukinakili diski nzima kwa dd, au ukichukua taswira ya LVM, unakuwa na mifumo miwili yenye nambari moja. XFS hukataa kupachika wa pili, na hiyo ni tabia njema. Btrfs iko katika hali ngumu zaidi, na nyaraka zake zinaonya dhidi ya kuacha nakala mbili zenye kitambulisho kimoja zionekane kwa pamoja, kwa sababu data inaweza kuharibika. Anayenakili diski afanye mazoea ya kubadilisha kitambulisho cha nakala mara moja, kwa tune2fs -U random kwenye ext au xfs_admin -U generate kwenye XFS, au aichomoe nakala kabla ya kuwasha mashine.

Vilevile UUID hubadilika patisheni inapoumbizwa upya, na swapu ndiyo inayowasumbua wengi. Mtu anasakinisha usambazaji wa pili wa Linux kwenye kompyuta moja, kisakinishi kinaumbiza upya swapu iliyopo, na usambazaji wa kwanza unaanza kukaa sekunde 90 kila unapowashwa, ukisubiri swapu yenye nambari ambayo haipo tena. Watu huishi na ucheleweshaji huo kwa miezi wakidhani diski imechakaa.

Sasa niseme kuhusu utambuzi, kwa kuwa nimeona mara nyingi matatizo mawili yakichanganywa. Draiva ya diski ikibadilishwa, mashine inaweza kushindwa kuwaka kwa sababu jina limebadilika, na inaweza pia kushindwa kwa sababu draiva mpya haimo ndani ya initramfs. Mtazamaji huona kitu kilekile: kerneli inaanza, mzizi haupatikani, na anatupwa kwenye ganda dogo la dharura. Mahali pa kuanzia ni kusoma /proc/partitions. Kama diski na patisheni zake zimeorodheshwa humo kwa jina lolote lile, draiva ipo na inafanya kazi, na kilichobaki ni suala la jina; blkid itakuonyesha ni ipi yenye UUID unayoitafuta, nawe utaweza kuipachika kwa mkono na kuendelea. Kama orodha ni tupu, kubadilisha majina katika fstab hakutasaidia chochote, na unapaswa kurudi kwenye kerneli ya zamani au kwenye diski ya uokoaji ili kuijenga initramfs upya ikiwa na moduli inayohitajika. Windows hutoa kielelezo kizuri cha tofauti hii. Herufi zake za diski huhifadhiwa katika sajili pamoja na sahihi ya diski, ambayo kwenye diski za MBR (jedwali la patisheni la zamani) ni baiti nne zilizo kwenye nafasi ya 440 ya sekta ya kwanza, kwa hiyo jina halipotei. Lakini ukibadilisha kidhibiti kutoka IDE kwenda AHCI katika BIOS bila kuandaa draiva, husimama kwa hitilafu ya 0x7B, maana haina draiva ya kuifikia diski inayoijua vizuri kwa jina.

Inafaa pia kukumbuka kwamba kerneli yenyewe haielewi UUID ya mfumo wa faili katika mstari wa root=. Anayeitafsiri ni initramfs. Kwa wanaojenga mashine ndogo zisizo na initramfs, kinachoeleweka na kerneli moja kwa moja ni PARTUUID, ambayo husomwa kutoka kwenye jedwali la patisheni. Kwenye GPT (jedwali la kisasa) ni nambari kamili ya biti 128, na kwenye MBR huundwa kwa sahihi ya diski ikifuatwa na nambari ya patisheni.

Anayedhani haya ni mambo ya kompyuta za kale atazame yanayotokea kwenye mashine pepe. Mashine iliyokuwa kwenye jukwaa la VMware ikihamishiwa lile la KVM lenye virtio (draiva za mashine pepe), diski yake hubadilika kutoka sda kuwa vda. Huko Amazon, mashine za jukwaa la Xen zilikuwa na xvda, na zile za kizazi cha Nitro, kilichoanza kwa mashine za C5 mwezi Novemba 2017, huonyesha diski za EBS (diski za mtandaoni za Amazon) kama NVMe, kwa majina kama /dev/nvme0n1. Nyaraka za Amazon zenyewe zinaeleza kwamba mpangilio wa majina hayo unaweza kutofautiana na ule uliouomba wakati wa kuambatisha diski, na kwamba kitambulisho cha diski kimewekwa katika sehemu ya nambari ya kifaa cha NVMe ili mtu aweze kuitambua. Kwenye seva zenye diski nyingi za SCSI na SATA, kerneli za karibuni huzichunguza diski kwa pamoja badala ya moja baada ya nyingine ili mashine iwake haraka, na kwa hiyo sda ya leo inaweza kuwa sdc kesho bila draiva yoyote kubadilishwa. Utulivu tuliouzoea kwenye majina ya sd ulitokana na uvivu wa mpangilio wa uchunguzi, na uvivu huo sasa umeondolewa.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kupandisha kerneli au kuhamisha mashine, mimi huanza kwa kutafuta majina ya vifaa katika mfumo mzima na si katika fstab peke yake: grep -rnE '/dev/(hd|sd|vd|xvd|nvme)' katika /etc, kisha katika /usr/local, kisha katika kazi za cron za kila mtumiaji. Kila mstari unaoandika kwenye diski, uwe wa dd, mkfs, crypttab au rsync, naushughulikia kabla ya ule unaosoma tu. Saraka za akiba naziwekea faili dogo la alama ambalo lipo kwenye diski halisi ya akiba peke yake, na skripti hukataa kuendelea isipoliona. Kisha naiwasha mashine kwa kerneli mpya, naizima, na kuiwasha tena kwa ya zamani, na zote mbili zinapopachika diski zilezile mahali palepale, ndipo naondoa ya zamani.